Indiana Jones uwanjani Ngamiani: filamu zipi zitangulie, na kwa nini picha ilififia

Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana Ngamiani, Tanga. Wenzangu wanataka tuonyeshe hadharani ile Indiana Jones ya mwisho, ya mwaka 2023, kwenye uwanja ulio nyuma ya ofisi yetu. Wengi wana miaka 15 hadi 25 na hawajaona hata moja ya zile za nyuma. Je, tuonyeshe zote kwanza? Kwa mpangilio gani? Tuna projekta ya ofisini ya lumeni 3,000 na spika mbili kubwa. Mwezi uliopita tulijaribu filamu nyingine kwenye shuka mbili zilizoshonwa pamoja, upana mita 6. Picha ilififia, mazungumzo hayakusikika, ila risasi na muziki vilitikisa mtaa mzima. Kosa liko wapi?

Jibu: Ndugu Katibu, msianze na ya 2023, na wala si lazima muonyeshe zote tano. Onyesheni ya 1981, halafu ya 1989, halafu ya 2008, ndipo ya 2023, moja kila Jumamosi. Ya 1984 iwekeni kando. Sababu zake ziko mbele. Picha ilififia kwa sababu ya upana wa shuka. Mazungumzo yalipotea kwa sababu ya mpangilio wa sauti kwenye deki au kompyuta, na spika zenu hazina hatia. Yote mawili yanatengenezeka bila kununua projekta nyingine.

Tuanze na filamu zenyewe. Zote tano kwa pamoja ni dakika 636, yaani saa 10 na dakika 36: ya 1981 ina dakika 115, ya 1984 ina 118, ya 1989 ina 127, ya 2008 ina 122, na ya 2023 ina 154. Atatokea mtu kikundini atakayesema mfuate miaka ya hadithi badala ya miaka ya kutoka, na hapo ya 1984 itakuwa ya kwanza, maana hadithi yake ni ya 1935 ilhali ile ya 1981 ni ya 1936. Msimkubalie. Indiana Jones mwenyewe, mtafuta mambo ya kale anayechezwa na Harrison Ford, anatakiwa kujulikana kwa dakika zile za mwanzo za 1981: pango, sanamu ya dhahabu, jiwe la mviringo linalomkimbiza, na nyoka ndani ya ndege. Ndani ya muda huo mfupi, bila kuelezwa lolote, mtazamaji ameshajua kuwa ana kofia na mjeledi, ni hodari, anaogopa nyoka, na mara nyingi anachokihangaikia huchukuliwa na mwingine. Steven Spielberg aliyeiongoza hakupata tena utangulizi wenye nguvu kama huo katika tatu zilizofuata alizoongoza yeye.

Ya 2023, iliyoongozwa na James Mangold, imejengwa juu ya kumbukumbu. Sallah, yule rafiki wa Misri aliyekuwamo 1981 na 1989, anarudi akiwa dereva wa teksi New York. Asiyemjua ataona mzee tu anayeendesha gari. Marion alikuwamo 1981, akarudi 2008 na kuolewa na Indiana mwishoni mwa filamu. Kwenye ya tano anaonekana karibu na tamati, na hapo wawili hao wanayarudia maneno waliyoambiana kwenye meli katika ile ya 1981, Indiana alipokuwa ameumia kila mahali. Aliyeiona ile ya kwanza Jumamosi tatu kabla koo litamkaba kwa hisia, na asiyeiona atadhani ni maongezi ya wazee wanaougua viungo.

Ya 2008 ina kasoro zake, na mbio zake za msituni zimejaa picha za kompyuta ambazo macho hayaziamini. Hata hivyo ndiyo inayomleta Mutt, mtoto wa Indiana na Marion. Kwenye ya tano Mutt amekufa vitani, na msiba huo ndio uliovunja ndoa ya wazazi wake. Ndiyo sababu mnamkuta Indiana wa 1969 akiishi peke yake, amechoka, karatasi za talaka ziko ndani. Kama mna Jumamosi tatu tu, rukeni ya 2008, lakini mtu asimame kabla ya ya mwisho awaeleze hayo ya Mutt kwa dakika tatu. Yanatosha.

Kwa nini ya 1989 isirukwe? Kwa ajili ya baba. Sean Connery anacheza baba mwanazuoni aliyezama katika kukitafuta kikombe kitakatifu hadi mwanawe akakua bila yeye. Ya tano inaurudisha mzigo huo kwa sura nyingine: Helena, binti ubatizo wa Indiana, ni mtoto wa mtafiti aliyepagawa na kifaa kimoja mpaka akili ikamruka. Vijana wakiwa wameshaona ya 1989 wataelewa kwa nini Indiana anamwangalia Helena vile, na kwa nini ile hamu ya Indiana ya kubaki katika zama za kale, kifaa kinapomfikisha huko, inatisha.

Sasa ya 1984. Ina tukio la mtu kutolewa moyo kifuani, na mwaka huo huo filamu hii na nyingine moja zilisababisha Marekani iweke daraja jipya la umri, linalowaonya wazazi wenye watoto wa chini ya miaka 13. Tena inawachora Wahindi na ibada yao kwa namna ya kuwadhalilisha. Serikali ya India ilikataa isipigwe kwao, ikapigwa Sri Lanka. Tanga ina majirani Wahindu, na sioni sababu ya kuwaonyesha vijana karamu ile ya wadudu na ubongo wa nyani kana kwamba ndicho chakula cha watu. Ya tano inaigusa kwa maneno machache tu, Indiana anapokumbuka mateso yake wakiwa wanapanda mwamba. Hakuna kitakachopotea.

Kabla ya kufunga hata waya mmoja, shughulikieni ruhusa. Diski iliyonunuliwa au akaunti ya kulipia ya intaneti ni ya kutazama nyumbani, na kutokutoza kiingilio hakuondoi haja ya kibali cha mwenye haki. Wengi hukwama hapa: filamu nne za kwanza zilisambazwa na Paramount, ya tano ni ya Disney, iliyoinunua Lucasfilm mwaka 2012. Kwa hiyo ni maombi mawili tofauti. Barua itaje jina la filamu, tarehe, mahali, idadi ya watu na kama kuna kiingilio. Kwa hapa nyumbani, nendeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri ya jiji awaelekeze taratibu za Bodi ya Filamu, waulizeni COSOTA kuhusu hakimiliki, na serikali ya mtaa iwe na taarifa ya kelele za usiku. Anzeni miezi miwili kabla.

Twende kwenye picha. Mwanga wa projekta ni kama maji ya ndoo moja: ukiyamwaga kwenye sakafu pana, kina kinapungua. Filamu hizi zote ni za umbo pana sana, upana mara 2.39 ya kimo. Kwenye upana wa mita 6, picha ina mita za mraba 15. Kwenye upana wa mita 4 ina kimo cha mita 1.67, mita za mraba 6.7 tu. Maana yake mwezi uliopita mliutandaza mwanga ule ule kwenye eneo kubwa zaidi ya mara mbili. Na lumeni 3,000 si zote zinazofika. Projekta ya umbo la 16:9 (upana 16 kwa kimo 9) inapoonyesha filamu pana hivi, hutumia kama asilimia 74 tu ya kioo chake, na kwingine kote ni mistari myeusi juu na chini. Ikiwa yenu ni ya zamani ya umbo la 4:3, inatumia asilimia 56. Juu ya hapo, taa iliyokwisha kutumika sana hutoa karibu nusu ya mwanga wa awali. Piga hesabu utaona kwamba mita 4 ndiyo mwisho wenu. Kwa kipimo hicho, gizani kabisa, mtakaribia mwangaza wa jumba la sinema. Zimeni ile hali ya kuokoa umeme kwenye projekta, maana nayo hupunguza mwanga.

Msijaribie kwa tukio la mchana. Gwaride la New York kwenye ya 2023 litaonekana zuri hata kwa projekta mbovu, mjidanganye kuwa mambo yako sawa. Jaribuni mwanzo wake, treni ya Wajerumani usiku wa 1944, na baadaye pango la Sicily. Mkiweza kutofautisha koti la mtu na giza lililo nyuma yake juu ya treni, picha yenu imefaulu. Msipoweza, punguzeni upana hadi mita 3.5 kabla ya kugusa kitu kingine. Watu hukimbilia kupandisha mwangaza kwenye menyu. Kufanya hivyo hakuongezi mwanga hata chembe, kunaligeuza jeusi kuwa kijivu tu.

Mwanzo huo una jambo la kuwaambia vijana pia. Harrison Ford alizaliwa Julai 1942, na filamu ilipotoka mwishoni mwa Juni 2023 alikuwa na miaka 80. Uso wake wa 1944 umerudishwa ujana kwa kompyuta, mafundi wakisaidiwa na picha zake za zamani. Uso umefanikiwa kwa sehemu kubwa, ila sauti imebaki ya mzee. Kwenye skrini iliyofifia kazi hiyo yote inakuwa ukungu, na hapo ndipo watazamaji husema imeharibiwa.

Kuhusu skrini, ukuta ni bora kuliko shuka. Kama ukuta wa ofisi ni laini na hauna dirisha, upakeni rangi nyeupe ya maji isiyong'aa. Lita moja hufunika kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, kwa hiyo lita 2 zinatosha mikono miwili. Zungusheni mpaka mweusi wa sentimita 10. Jicho hulinganisha picha na weusi huo, na rangi zinaonekana zimekolea.

Mkibaki na shuka, kumbukeni mji wenu unaitwaje: mtakuwa mmetweka tanga. Shuka la mita 4 kwa 2.2 likipigwa na upepo wa mita 8 kwa sekunde linasukumwa kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 40, na upepo wa baharini jioni ya kusi unafika huko bila shida. Misumari minne haitoshi. Fanyeni kama jahazi: mti au bomba juu mithili ya foromali, bomba jingine chini, kamba kila nusu mita pembeni, na shuka lielekee upande ambao upepo utalipitia ubavuni. Mshonaji wa matanga atawafungia vizuri kuliko fundi seremala. Nyuma ya shuka shoneni kitambaa cheusi, kwani pamba nyeupe peke yake hupitisha mwanga mwingi ukapotelea nyuma.

Projekta iwe umbali wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya upana wa picha, yaani mita 6 hadi 8, juu ya meza imara. Isipandishwe pua. Ikipandishwa, picha inakuwa pana juu na nyembamba chini, na marekebisho ya menyu huipunja ukali. Inueni meza yenyewe. Watu wakionekana warefu wembamba, umbo kwenye menyu limewekwa 4:3 kwa filamu pana, na dawa ni kulirudisha 16:9. Ikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, iacheni nje nusu saa kabla ya kuwasha, la sivyo hewa ya Tanga yenye unyevu itaganda kwenye lenzi. Chujio la vumbi lisafishwe kila wiki.

Sauti sasa, maana hapa ndipo watu hununua spika mpya bure. Filamu hizi kwenye diski zina sauti ya njia sita au zaidi. Karibu mazungumzo yote yamewekwa kwenye njia moja, ya katikati, na muziki na vishindo vimetawanywa pembeni. Kifaa kikiwa kimewekwa kwenye sauti ya kuzunguka, nanyi mmeunganisha spika mbili tu, njia ya katikati haina pa kutokea. Mnasikia risasi bila maneno, kama mlivyosikia. Ingieni kwenye menyu ya sauti, chagueni stirio, na maneno yatagawanywa kwenye spika zote mbili. Kama kuna chaguo la kupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, kwa kawaida linaitwa hali ya usiku, liwasheni pia. Majirani watashukuru.

Kisha punguzeni besi. Spika nyingi za mtaani zimepangwa kwa ajili ya muziki wa kucheza, na besi ikijaa hufunika herufi zinazotofautisha neno na neno. Shusheni besi hadi chini ya nusu, pandisheni sauti za kati. Spika zikae pande mbili za skrini, kimo cha mita 1.8, zikielekea safu ya katikati. Msiweke moja nyuma ya watu, kwa kuwa sauti itawafikia mara mbili kwa nyakati tofauti na maneno yatavurugika. Mtu wa mwisho asizidi mita 15 kutoka kwenye skrini.

Wengi hawatafuata Kiingereza chote, na maandishi ya chini ya skrini hayasomeki kwa aliye mita 15. Chagueni msimulizi mmoja mwenye kipaza sauti, aitazame filamu mara mbili kabla, aandike pa kusema na pa kunyamaza. Ya 1981 ni rahisi: zile mbio za lori jangwani zinajieleza zenyewe, asiseme neno, aache muziki wa John Williams ufanye kazi. Ya 1989 ndiyo ngumu, kwa sababu ya majibizano ya haraka ya baba na mwana. Asitafsiri kila neno, achukue moja kati ya matatu. Na lile sanduku la 1981 alitaje kwa majina mawili, Sanduku la Agano na Tabuti. Mkristo atalijua kwa la kwanza, na aliyesoma madrasa analijua kwa la pili, lipo kwenye Sura ya Al-Baqara, aya ya 248. Akilitaja hivyo, uwanja mzima utajua uzito wake kabla halijafunguliwa.

Vijana watauliza pia kama kifaa cha ya tano kipo kweli. Kipo chenye kufanana nacho. Wazamiaji wa sifongo wa Ugiriki waligundua mwaka 1900 meli iliyozama karibu na kisiwa cha Antikythera, na ndani yake kulikuwa na mashine ya shaba nyeusi yenye magurudumu ya meno, 30 yamesalia, yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Iko kwenye jumba la makumbusho Athens. Ilikokotoa mwendo wa jua na mwezi na kupatwa kwake. Kuvusha watu nyakati, kama kinavyofanya cha kwenye filamu, ni ubunifu wa waandishi, na kwamba iliundwa na Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, hakujathibitishwa, ingawa ni kweli aliuawa Syracuse ilipotekwa na Warumi mwaka 212 KK. Vijana wakitaka kuona mambo ya kale yanavyotunzwa, magofu ya Tongoni hayako mbali kusini mwa mji, na hapo wataona kwa macho yao kwamba mtaalamu wa kweli hupima kaburi, hulichora na kuliacha lilivyo. Indiana angelivunja.

Umeme. Projekta hula kama wati 300, sauti wati 500, kifaa cha kuchezea wati 30. Jenereta ya kVA 2 inatosha, na lita 4 za petroli zitawafikisha mwisho. Iwe mita 30 mbali, upande unakoelekea upepo, na isijazwe mafuta ikiwa ya moto. Projekta peke yake ipitisheni kwenye UPS, kisanduku cha betri ya akiba, ya VA 1,000. Umeme ukikatika ghafla feni husimama taa ikiwa ya moto sana, na taa hupasuka au kupungua umri. UPS inawapa dakika za kuizima kwa utaratibu. Ikishazimika msiiwashe kabla ya dakika 10.

Muda: Tanga jua huzama kati ya saa 12:15 na saa 12:45 jioni, kutegemea mwezi, na giza la kutosha huja kama saa moja baadaye. Msianze hapo hapo, subirini sala ya Isha imalizike. Mkianza saa 2:15 usiku, ya 1981 itaisha saa 4:10. Ya 2023 itafika saa 4:49, na kwa mapumziko ya dakika 10 ni saa 5 kasoro dakika moja. Mapumziko yawekeni zile mbio za bajaji za Tangier zinapoisha, kabla hawajaingia baharini Ugiriki. Mbio hizo zitawapendeza vijana wa Tanga kuliko kitu kingine chochote, na baada yake filamu inatulia, kwa hiyo hapo ndipo watu huanza kuinuka hata msipotangaza. Mzee mwenye safari ya mbali ajulishwe mapema kuwa ni ndefu.

Tena mpangeni mtu wa swichi anayeijua filamu. Mandhari ya mwisho ni kofia imetundikwa kwenye kamba ya nguo nje ya dirisha, picha inajifunga polepole kuizunguka, na watu hudhani imekwisha. Asiwashe taa mpaka mkono utokee uichukue.